Dawa Isiyo na Jina Isiingie Bustanini

Leo sitasema juu ya malaria wala minyoo. Nataka kusema juu ya bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba, na juu ya chupa ndogo ya dawa ya wadudu inayowekwa chini ya kitanda.

Katika hospitali yetu kuna sheria ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa siku ya kwanza. Chupa isiyo na jina hutupwa. Hata kama imejaa, hutupwa. Hata mtu akisema, "Mimi naijua kwa harufu yake," hutupwa. Hatutii ndani ya mwili wa mtu dawa tusiyoijua jina, nguvu wala kipimo. Nimeishika sheria hiyo miaka zaidi ya 20. Lakini nyumbani kwangu, katika bustani yangu mwenyewe, niliivunja, na mtoto wa jirani alikaribia kufa kwa sababu yangu. Ndiyo maana naandika.

KOSA LANGU

Ulikuwa mwaka wa jua kali. Nilikuwa na mashina 30 ya nyanya. Majani ya chini yakaanza kupata madoa madogo ya manjano, kana kwamba mtu ameyachomachoma kwa sindano. Kisha yakageuka rangi ya shaba, yakakauka. Upande wa chini niliona nyuzi nyembamba kama za buibui, na vidoa vyekundu vinavyotembea. Nikaenda sokoni. Muuzaji akanipa dawa ndani ya chupa ya limonadi iliyofungwa kwa kipande cha plastiki. Nikamwuliza, "Hii ni dawa gani?" Akajibu, "Mganga, ni ile ya kahawa. Yaua kila kitu." Nikalipa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Nilinyunyiza siku ya Alhamisi. Kipimo changu kilikuwa kifuniko cha chupa, nami nikaongeza kifuniko cha pili, maana nilitaka kumaliza kazi. Siku ya Jumamosi mama jirani alimtuma mwanawe, mvulana wa miaka 5, aje kuomba nyanya za mchuzi. Nikachuma nane nzuri, nikazisuuza kwa maji mbele yake, nikampa. Njiani alikula tatu mbichi, kama watoto wafanyavyo.

Usiku ule walibisha mlangoni. Mtoto alikuwa akitokwa na mate mengi, jasho likimtiririka, akitapika na kuharisha. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na kifua kilikuwa kikikoroma kwa maji. Tukakimbia naye hospitali. Daktari akauliza, "Amekula sumu gani?" Nilijua imetoka wapi, lakini jina sikulijua. Daktari alimtibu kwa kufuata dalili alizoziona, akampa atropini mara kwa mara mpaka kifua kikakauka. Alfajiri mtoto akafumbua macho, akaomba maji.

Mama yake alinishukuru kwa kukesha naye. Ilinipasa kumwambia kweli. "Mama, sumu hii imetoka kwangu." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mganga, si wewe unayetufundisha?" Hakuongeza neno.

Na utitiri je? Baada ya majuma mawili ulirudi, mwingi kuliko kwanza.

UTITIRI NI NINI?

Sisi sote twaujua utitiri wa kuku. Anayesafisha kiota cha kuku hutoka humo akijikuna mikono yote. Utitiri wa mimea ni ndugu yake, lakini wenyewe hunyonya maji ya majani. Ni mdogo sana, urefu wake haufiki nusu ya milimita moja. Ukitaka kuuona, shika karatasi nyeupe chini ya jani, ukaligonge jani kwa kidole. Vumbi likianza kutembea juu ya karatasi, hilo si vumbi.

Utitiri si mdudu kama panzi au kiwavi. Ukikomaa una miguu 8, kama buibui. Wakati wa joto na ukavu yai lake laweza kuwa utitiri mzima katika juma moja au mawili, nao hutaga tena. Mvua kubwa huuangusha na kuupunguza. Kwa hiyo twauona sana wakati wa jua, hasa kwenye nyanya, biringanya na maharage, na kwenye mimea iliyofunikwa na vumbi la barabara.

Tena kuna utitiri wa kijani wa muhogo. Huo si wa Afrika tangu zamani. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulionekana Uganda mwaka 1971, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima muhogo, na kwetu Kongo pia. Hukaa sana kwenye majani machanga ya nchani, yaani yale yale tunayochuma kwa sombe. Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Watu wa nchi nyingine hula mizizi ya muhogo tu, bali sisi twala na majani. Anayenyunyiza dawa juu ya majani ya muhogo anainyunyiza juu ya mboga ya jioni.

Msichanganye utitiri na ugonjwa wa mozaiki. Muhogo wenye mozaiki una majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya manjano na kijani. Ugonjwa huo huletwa na virusi. Hupita kwa nzi weupe wadogo na kwa vipande vya miti tunavyopanda. Hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuuponya mti ulioshikwa na mozaiki. Nimewaona watu wakinyunyiza mwezi mzima juu ya mozaiki. Waliharibu fedha yao na sombe yao pamoja.

KWA NINI DAWA YA SOKO HUZIDISHA UTITIRI?

Dawa nyingi za sokoni zimetengenezwa kwa wadudu wenye miguu 6. Sipermetrini ni mojawapo. Utitiri hauuliwi nazo vema. Lakini adui za utitiri huuawa. Maana Mungu hakuuacha utitiri bila adui. Kuna wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na kuna utitiri mwingine, mwepesi wa mbio, unaoula huu wa mimea. Ukinyunyiza, waliokuwa walinzi wako wafa kwanza, na mwizi abaki peke yake shambani.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, wakulima wa matunda wa Ulaya na Marekani walinyunyiza DDT kwa furaha. Viwavi wakafa. Lakini utitiri mwekundu ukazidi katika miti yao, kwa kuwa DDT iliwaua adui zake.

Na juu ya muhogo, msaada mkubwa haukutoka katika chupa. Mwaka 1993 wataalamu walifungua nchini Benin utitiri mdogo kutoka Brazil, jina lake Typhlodromalus aripo. Huo hukaa nchani mwa muhogo na kuula ule wa kijani. Tangu hapo umestawi katika nchi zaidi ya kumi za Afrika, wala hauombi mshahara. Anayetia sumu penye ncha ya muhogo huenda awaua askari wake mwenyewe.

DAWA YAENDA WAPI?

Watu wengi hufikiri dawa hukaa juu ya jani kama vumbi, na ya kuwa maji yataiondoa. Nami nilifikiri hivyo nilipozisuuza zile nyanya nane. Lakini dawa ni za namna mbili. Nyingine hukaa nje, na hizo maji huzipunguza, ingawa hayaziondoi zote. Nyingine huingia ndani ya mmea, zikatembea pamoja na maji yake mpaka kwenye majani na matunda. Dimetoati ni ya namna hiyo. Dawa iliyo ndani haioshwi, kama vile chumvi iliyokwisha kuingia katika nyama haioshwi.

Mwaka 1985 jambo hili lilionekana wazi huko Marekani, katika jimbo la California. Watu walikula matikiti maji, na mamia wakaugua. Walitapika, wakaharisha, wakatoka jasho, macho yakawa na giza. Ndani ya matikiti hayo ilionekana aldikarbu, dawa ya kuua wadudu na utitiri, ambayo haikuruhusiwa kabisa kwa matikiti. Nani alaye ganda la tikiti? Ganda lilitupwa, na sumu ilikuwa ndani ya nyama ya tunda.

HESABU YA SIKU

Basi ni nini hutulinda? Ni siku. Jua, hewa na mmea wenyewe huivunja dawa kidogo kidogo. Kila dawa halali ina hesabu yake, iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kwa Kifaransa huandikwa "délai avant récolte", maana yake siku za kungoja tangu kunyunyiza mpaka kuchuma. Kwa dawa moja ni siku 3, kwa nyingine 7, au 14, au 21, hata zaidi. Tena dawa ile ile ina hesabu moja kwa nyanya na hesabu nyingine kwa kabichi.

Nataka kusema kwa haki. Sisemi kwamba kila mboga iliyonyunyizwa ni mauti. Wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni na wa FAO hupima dawa hizi. Kwa kawaida huanza na kiasi kisichowadhuru wanyama, kisha hukigawanya kwa 100, ili mtu awe mbali na hatari. Mkulima akitumia dawa iliyo ya mmea ule, kwa kipimo kilichoandikwa, akangoja siku zote, chakula chake chaweza kuliwa kwa amani. Lakini hesabu hiyo huvunjika kwa mambo matatu: ukizidisha kipimo, ukiitia dawa kwenye mmea isioandikiwa, au ukichuma kabla ya siku. Mimi niliyafanya yote matatu katika siku mbili.

Na dawa isiyo na jina haina hesabu hata moja. Utangoja siku ngapi? Hakuna awezaye kukuambia. Hata yule aliyekuuzia hajui.

Fikirini tena. Siku za pamba na siku za kahawa si siku za sombe. Pamba hailiwi, na punje ya kahawa humenywa, ikakaushwa na kukaangwa. Lengalenga huchumwa kila juma. Nyanya zikianza kuiva huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Katika bustani kama hiyo, siku 14 za kungoja utaziweka wapi?

Tena mkumbuke mtoto. Mama mwenye kilo 60 na mtoto mwenye kilo 12 wakila bakuli sawa, mtoto hupata sumu mara tano zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Chungu ni kimoja, lakini hatari si moja.

MANENO NINAYOYASIKIA

Mmoja husema, "Mimi naosha kwa chumvi." Nimekwisha kujibu. Osheni, ndiyo, kwa maji safi yanayomiminika, mkisugua kwa mkono. Ni vizuri kila siku. Lakini kuosha hakuchukui mahali pa kungoja. Wala msioshe mboga kwa sabuni ya unga.

Mwingine husema, "Sombe twaitwanga na kuipika muda mrefu." Ni vema sana, kwa maana kutwanga na kupika huondoa sumu ya muhogo wenyewe. Lakini moto hauzishindi sumu zote za dukani. Nyingine hupungua, nyingine hubaki chunguni.

Wa tatu husema, "Baba yangu alinyunyiza miaka mingi na hakufa." Namshukuru Mungu kwa ajili ya baba huyo. Lakini sumu si lazima iue ili iwe imedhuru. Tena chupa ya leo si chupa ya jana. Muuzaji humimina leo kutoka bidoni hili, na kesho kutoka lile.

Wa nne husema, "Hizi sitakula, ni za kuuza." Ndugu, neno hili lanihuzunisha kuliko yote. Twajua Torati yasemavyo juu ya mizani ya uongo sokoni. Mboga usiyothubutu kumpa mtoto wako, kwa nini umpe mtoto wa mwingine na kupokea fedha?

Wa tano husema, "Nisiponyunyiza, tutakula nini?" Huyu namheshimu. Anasema habari ya njaa, na njaa ni kweli. Sitamjibu kwa maneno matupu. Nitamwonyesha njia.

FANYENI HIVI KWANZA

1. Tazameni chini ya majani mara mbili kila juma wakati wa jua. Utitiri ukionekana mapema ni kazi ya dakika kumi. Ukichelewa ni kazi ya mwezi.

2. Ondoeni majani yaliyoshikwa sana. Yachomeni au yafukieni mbali na bustani. Msiyaache kati ya mistari.

3. Tumieni maji. Pigeni maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, kila baada ya siku mbili au tatu, kwa majuma mawili. Maji huangusha utitiri na kuvunja nyuzi zake. Pompi safi ya mkono yafaa, isiyowahi kutiwa dawa ya kuua magugu.

4. Tumieni sabuni. Paruzeni sabuni ya kipande, mkatie vijiko 2 vya chai katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, mkakoroge mpaka iyeyuke. Jaribuni kwanza juu ya majani machache, mkangoje siku moja ili muone kama hayaungui. Kisha nyunyizeni jioni, mpaka upande wa chini ulowe vema. Sabuni huua utitiri inaougusa tu, na mayai hubaki. Kwa hiyo rudieni baada ya siku 5, na mara ya tatu kama ipo haja. Mboga hiyo mtaiosha tu kwa maji kabla ya kula.

5. Nywesheni mimea na kufunika udongo kwa majani makavu. Mmea wenye kiu hushindwa upesi. Kama barabara iko karibu, pandeni ua la kuzuia vumbi.

6. Nyanya zikiisha kuzaa, zing'oeni. Msipande nyanya changa kando ya nyanya nzee zenye utitiri, kwa maana huo utahama siku ile ile.

7. Kwa muhogo, chagueni miti ya kupanda kutoka kwa shina lenye afya, mkapande mwanzoni mwa mvua ili upate nguvu kabla ya jua. Kisha waacheni askari wa nchani wafanye kazi.

Nilizifuata njia hizi msimu uliofuata. Sikupata nyanya zote nilizotaka. Mashina mengine yalikufa. Lakini zile nilizochuma niliweza kuzitia mkononi mwa mtoto yeyote.

KAMA HUNA BUDI KUTUMIA DAWA

Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye karatasi yake. Tafuta mambo manne: jina la dawa, neno la kwamba yaua utitiri (kwa Kifaransa "acariens"), jina la mmea wako, na siku za kungoja. Likikosekana hata moja, irudishe. Kama hujui kusoma, mlete mwanafunzi wa shule au njoo kwetu. Si aibu.

Tazama pia mstari wa rangi chini ya karatasi. Mwekundu ni sumu kali kabisa, na wa manjano yafuata. Wa buluu na wa kijani ni pole zaidi. Yenye mstari mwekundu isiingie bustani ya nyumbani kamwe. Salfa, ambayo wazee waliiita kibiriti upele, ni mojawapo ya dawa za kale za utitiri na ukali wake kwa mtu ni mdogo. Lakini usiitie wakati wa joto kali wala usiichanganye na mafuta, itaunguza majani.

Usizidishe kipimo. Vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, simama upande utokako upepo. Watoto wawe mbali, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha asifanye kazi hii. Kisha andika siku ya kunyunyiza na siku ya kuchuma juu ya kipande cha ubao, ukakisimamishe penye mlango wa bustani. Mtu mmoja akijua hesabu na wengine wa nyumba hawaijui, hesabu hiyo haina faida.

CHUPA TUPU

Chupa ya sumu haiwi chupa ya mafuta kamwe. Mwezi wa saba wa mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule. Mafuta yaliyotumiwa yalikuwa na monokrotofosi, dawa ya wadudu. Ilionekana kwamba yaliwekwa katika chombo kilichokuwa cha dawa hiyo. Watoto walikuwa wameketi kula tu.

Suuza chupa tupu mara tatu, maji hayo uyamimine katika pompi uyanyunyize shambani, si mtoni. Kisha itoboe, hata mtu asitamani kuiokota.

Wala msidhani kwamba makosa haya ni ya watu maskini tu. Mwaka 2017 huko Uholanzi na Ubelgiji, dawa ya kusafisha mabanda ya kuku na utitiri ilichanganywa na fipronili, isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula. Wenye kuku wengi hawakujua. Mayai mamilioni yakaharibiwa. Kama hilo lilitokea penye wakaguzi na mashine za kupimia, sisi wa soko la chupa za limonadi tutajilindaje, tusipokataa dawa isiyo na jina?

MTU AKIPATWA NA SUMU

Dalili ni hizi: mate mengi, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, tumbo kusokota, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kutetemeka, pumzi kuwa nzito. Si lazima zote zionekane.

Mvueni nguo zenye dawa. Mwosheni ngozi kwa maji na sabuni. Mlazeni kwa ubavu. Msimtapishe kwa nguvu, msimpe maziwa wala mafuta. Mleteni hospitali mara hiyo, usiku au mchana, na mlete chupa pamoja naye. Msiifiche kwa kuogopa kulaumiwa. Jina lililo juu ya chupa laweza kumsaidia daktari kuliko maneno mengi. Ningalikuwa na jina usiku ule, mtoto asingelala katika mashaka yetu.

NINALOLIOMBA

Naomba jambo moja. Vikundi vya mama, na wenye kuuza mboga sokoni, wapatane: dawa iliyo ndani ya chupa isiyo na karatasi hainunuliwi, haipokelewi, wala haitiwi juu ya chakula. Wauzaji wengine watanikasirikia. Na wakasirike. Kama hakuna anunuaye, wataacha kumimina. Na mnunuzi amwulize muuza mboga bila haya, "Ulinyunyiza nini, na lini?" Muuzaji mwema atafurahi kujibu.

Jina, kipimo, siku. Haya matatu twayadai kwa kila kidonge hospitalini. Tuyadai na bustanini pia, maana vyote viwili huishia katika mwili mmoja.

Mvulana yule sasa ni kijana mrefu. Hupita nyumbani kwangu wakati wa nyanya, nami humpa. Mama yake akiwa karibu huita kutoka ng'ambo ya ua, "Mganga, siku ngapi?" Nami humjibu kabla sijamtia mtoto wake chochote mkononi.